Noti Zilizopita Chini ya Sindano

Karani wa mahakama hakuniangalia usoni. "Dola hatupokei hapa, mzee," alisema. "Leta pesa ya hapa. Na lori la magereza linaondoka saa saba."

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimetoka kushuka kwenye basi, macho yamejaa vumbi, na mwanangu wa mwisho alikuwa nyuma ya mlango wa chuma, kule mwisho wa korido. Kibali chake cha kuishi nchi ya watu kilikuwa kimeisha zamani, na yeye akaendelea kukaa kana kwamba yuko kwao. Hakimu akampa achague: faini au miezi kumi ndani. Faini ilikuwa sawa na dola mia nane, na siku ya mwisho ya kuilipa ilikuwa ile.

"Na lori likishaondoka?" nikamuuliza karani.

"Faili linakwenda naye. Akishatoka hapa, kwetu hakuna kesi tena. Hata ulete gunia."

Sikubishana naye. Pesa nilikuwa nazo. Nilikuwa nimezivaa.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliachia darasa la tano, na tangu hapo maisha yangu ni kukanyaga pedali. Habari za kijana zilipotufikia, niliuza cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo, mama yake akauza friji na pete, tukanunua noti kumi na mbili za dola mia. Mtaa mzima ulitushauri kwa sauti moja: usibebe pesa ya kwetu, huko hawaijui hata kwa sura. Beba dola. Dola haina ubishi, unabadilisha kona yoyote. Mama yake alitaka nizifunge kwenye leso nizitie kifuani. Nikamwambia kwenye basi mtu akisinzia kifua kinakuwa cha wote, lakini suruali ya fundi haivuliki hovyo. Nikafumua kiuno cha suruali yangu ya kijivu. Nikatoa kanvasi, kile kitambaa kigumu kinachokaa ndani ya kiuno ili kisijikunje. Nikapanga noti mahali pake, nikafunga.

"Shona kwa mkono," mama yake aliniambia. "Nyuzi mbili tatu tu, zishike."

"Za kwa mkono ni za kubandika kiraka," nikamjibu. "Mimi nilioa cherehani kabla yako."

"Basi nenda ukalale nayo," akasema, akaniachia taa.

Choo cha mahakama hakikuwa na komeo. Nikauegemea mlango kwa mgongo, nikavua suruali, nikatoa wembe. Mshono wangu ulinitoa jasho mimi mwenyewe. Nilikuwa nimepiga mistari minne ya karibukaribu, kama ninavyompigia mteja anayelipa bila kulia. Mtu akagonga, nikaharakisha, wembe ukaponyoka. Kifungo kikaruka, na kipande cha kiuno kikachanika pamoja na uzi. Nikatoka na noti mkono wa kulia na suruali mkono wa kushoto. Mkanda sikuwa nao. Sijawahi kuvaa mkanda. Suruali inayotaka mkanda imekatwa vibaya.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na maduka ya kubadilisha fedha, yamepangana kama vibanda vya vinyozi. Katika la kwanza, binti aliyekaa nyuma ya kioo akapokea noti, akaipapasa, akaiinua kwenye taa. Akachukua ya pili. Ya tatu. Akamwita mwenzake.

"Baba, hizi zimefanywaje?"

"Zimefanywaje vipi?"

Akaigeuza ile noti ili nami nione. Mistari minne ya matundu, imenyooka kama imepigwa rula, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwanga ulikuwa unapita katika kila tundu. Hata upana wa hatua za sindano ulikuwa sawasawa. Sijui kama nimewahi kupiga mshono safi kuliko ule.

Nikaelewa palepale. Kanvasi hushonwa kwa kupitisha sindano katikati yake, ndiyo inavyokaa mahali. Mkono wangu umefanya hivyo tangu nikiwa kijana, na ile siku haukuniuliza. Niliweka noti mahali pa kanvasi, na mkono ukazishona kama kanvasi.

"Ni matundu ya sindano tu," nikasema. "Noti ni nzima. Namba zake hizi hapa."

"Baba, sisi hata ikiwa na alama ya kalamu haturuhusiwi kuipokea. Hii ni chujio."

Mwenzake akacheka puani, kisha akajizuia na kunirudishia zote kwa mikono miwili. "Samahani, baba."

Duka la pili walinijibu vilevile. La tatu walitikisa kichwa tu. La nne, mlinzi alishaona nilivyotoka kwenye yale mengine, akasimama mlangoni.

"Mzee mwenye suruali," mtu akaniita.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kibaraza cha duka la viatu, amevaa kizibao chenye mifuko mingi kama mvuvi wa kwenye kalenda. Sikumuuliza jina, naye hakuniuliza langu. Nimwite Kizibao, inatosha. Alipokea noti, akaangalia matundu, wala hakushangaa.

"Ulizishona," akasema.

"Nilizishona."

"Kuna waliozifukia, kuna waliozichemsha na shati. Kushona ni mara ya kwanza. Sikiliza, mzee wangu. Ninaye mtu anazivusha, benki za mbali huko huzipokea, ila huchukua muda. Nakupa robo tatu ya bei. Zote kumi na mbili, sasa hivi, pesa taslimu."

Hesabu hiyo haihitaji shule. Robo tatu ya kumi na mbili ni tisa. Faini ilikuwa nane. Ningevuka barabara, ningelipa, na ile moja iliyobaki ingemnunulia kijana chakula na shati la kurudi nalo kwao. Lakini tatu zilizopotea zilikuwa cherehani yangu. Nilimwona yule mtu amekaa kwenye kiti, hajakanyaga pedali hata mara moja, anaibeba cherehani yangu.

"Unaninyonya kwa sababu mimi mgeni," nikamwambia.

"Mgeni ningemwongezea hata soda. Ninachokata ni matundu."

"Mwizi wewe."

"Sawa, mzee." Hakukasirika hata kidogo. Akainama chini ya kiti, akatoa kamba ya katani. "Basi chukua hii ufunge suruali. Bure."

"Kamba mfunge mbuzi wako."

Nikaenda benki. Niliona pale ndipo penye watu wazima. Mlangoni nikapewa karatasi ya namba, nikakaa kwenye viti vya chuma, nimebana magoti, mkono kiunoni kama mwenye ugonjwa wa tumbo. Namba ilikuwa inaitwa moja, kisha mashine ya kuitia namba inalala. Mama mmoja alileta mifuko ya sarafu, ikahesabiwa yote. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu na hapakuwa na pengine pa kutazama.

Kijana wa tai aliyenipokea alikuwa na adabu. Alizipanga noti zangu mezani, akazitazama moja moja, akaniambia nisiwe na wasiwasi, noti zilizoharibika wanapokea.

Nikashusha pumzi. Nakumbuka niliuachia kiuno, suruali ikateleza kidogo, sikujali.

"Tunazituma makao makuu," akaendelea. "Zikipita ukaguzi, unaingiziwa kwenye akaunti. Huchukua kama miezi miwili. Una akaunti kwetu?"

"Mwanangu anapandishwa lori saa saba."

"Pole sana," akasema, na ilikuwa pole ya kweli, nikaichukia zaidi. "Labda ujaribu wale wa nje. Wale wa vibarazani huwa hawachagui."

Saa sita ilikuwa imepita. Jaribu wewe kukimbia umeshika suruali. Watoto wa shule waliokuwa wanavuka barabara walisimama kunitazama, mmoja akanishangilia. Nilifika kwenye duka la viatu sina pumzi.

"Lete," nikamwambia Kizibao. "Robo tatu. Zote."

Akanitazama, kisha akatazama chini. "Umechelewa, mzee wangu. Amepita mama mwenye maduka, nimempa karibu zote. Nimebaki na za kununulia sita."

"Usinichezee. Unataka kushusha bei? Shusha. Sema nusu, nikubali."

"Bei ni ileile. Mimi si mtu wa kugeuka. Tazama." Akaanza kufungua mifuko ya kile kizibao mmoja baada ya mwingine. Ulitoka msokoto wa pesa, kisha kitana, kisha vidonge vya kichwa. Mingine ilikuwa mitupu, akaivuta nje kama ndimi. "Asubuhi nilikuwa nazo."

"Kuna mwingine anayefanya kazi hii?"

"Wapo wawili. Wote huja kwangu kukopa."

Nikamtolea simu yangu. Aliipindua, akaona kioo, akanirudishia. "Hii, mzee, hata mwizi angekurudishia na pole juu."

Ningempigia magoti, ila aliyepiga magoti hawezi kushika suruali. Nikampa noti sita, akanipa alizokuwa nazo zote, na hakujibakizia hata ya chai. Hilo nalisema kwa sababu nilishamwita mwizi.

Karani alihesabu haraka, vidole vyake vinajua kazi. "Hii haifiki."

"Imezidi nusu. Na nyingine hizi hapa, sita. Ni dola halali, zina matundu tu."

"Faini si kochi, mzee, kwamba utalilipa kidogo kidogo."

"Basi nipunguzie miezi. Nusu ya faini, nusu ya miezi."

"Mimi si hakimu. Mimi ni dirisha." Lakini aliponiona siondoki, akainua simu ya mezani akapiga juu. Tuliisikia wote wawili ikilia kwenye chumba kisicho na mtu. Akapiga tena. Akaiweka polepole, akasukuma pesa zangu chini ya kioo. "Wamekwenda kula," akasema. Ile ndiyo mara ya kwanza aliniangalia usoni, na mimi nikatamani asingeniangalia.

Lori lilikuwa uani, limezungushiwa wavu. Waliwatoa kwa mstari, wawili wawili, mkono wa huyu na wa yule katika pingu moja. Mwanangu alikuwa amekonda, ana ndevu ambazo sijawahi kuziona. Mlinzi alinisogeza kwa kiwiko lakini hakunifukuza.

"Baba. Umekuja."

"Nimekuja."

"Umeshalipa?"

"Pesa zimekataliwa. Nilizishona kiunoni."

Huyu mtoto amekulia chini ya meza yangu. Alikuwa anakata kanvasi kabla hajajua kuandika jina lake. Kazi aliijua, aliikimbia tu. Akautazama mkono wangu ulioshika suruali, akatazama kiuno kilichochanika, na nikaona inavyomwingia.

"Kwa cherehani?" akauliza.

"Kwa cherehani."

"Mistari mingapi?"

"Minne."

"Minne, baba." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akayumba, na yule aliyefungwa naye akacheka pia, hajui anacheka nini. Nami nikacheka kidogo. Kisha nikaona kicheko chake hakitoki tena na mabega bado yanatikisika. Akainamisha uso akaupangusa begani.

"Mwambie mama niko salama," akasema.

"Nitamwambia."

"Na kuhusu matundu usimwambie. Atakusema mpaka nirudi."

Wakawapandisha. Injini ilikuwa inanguruma, sikusikia alilosema tena. Kutoka ndani ya wavu aliinua mikono yote miwili, na ule wa mwenzake ukapanda nao. Mimi niliinua mmoja. Ndio niliokuwa nao, na ulikuwa umejaa pesa ya hapo, ile pesa ambayo nyumbani kwetu hawaijui hata kwa sura.

Nilipopita tena kwenye duka la viatu, sikukusudia kusimama. Kizibao aliuona mkono wangu.

"Hawakupokea?"

"Haikufika."

 Muuza viatu aliacha kupiga brashi. "Kesho asubuhi nitakuwa nazo, mzee wangu," Kizibao akasema. "Za kutosha zote, na zaidi. Njoo mapema."

"Kesho nije kumlipia nani?"

 Akainama chini ya kiti akaichomoa ile kamba, akaining'iniza mbele yangu bila kunitazama. Nikaipokea. Nikainua shati mbele za watu, nikajizungushia kiunoni, nikakaza mafundo mawili. Katani ilinikwaruza ngozi. Basi la kurudi lilikuwa linaondoka jioni, na tiketi za kurudi nilikuwa nimekata mbili tangu nyumbani, nikiwa na hakika yangu. Kituoni niliirudisha moja dirishani. Wakaniambia iliyokatwa hairudishwi.