Toka Kwanza, Ndipo Umguse

Muuguzi Trudy, wa shirika linalolipa wasaidizi wa wagonjwa majumbani, aliileta kanuni hiyo siku ileile alipoleta simu ya kazi. Aliketi jikoni kwa Celina Maestas, akala maharage yenye pilipili ya kijani hadi machozi yakamtoka, kisha akasema kama mtu anayetaja jambo dogo:

"Ukiwa kazini, Celina, mrija wa kupumulia wa shingoni usiuguse. Mwogeshe binti yako Odelia, mvishe, mgeuze, mlishe. Makohozi yakijaa, toka kazini kwanza, ndipo uyavute."

"Nitoke niende wapi?"

"Huendi popote. Unabonyeza hapa kwenye simu. Ukishatoka wewe ni mama yake, na mama anaruhusiwa. Ukiwa kazini wewe ni msaidizi wetu, na msaidizi haruhusiwi. Cheti chako cha usaidizi hakifiki huko."

Celina akacheka. Tangu Odelia awekewe mrija ule akiwa mchanga, ni yeye aliyekuwa akipitisha mpira mwembamba shingoni mwa bintiye, akawasha mashine na kuvuta makohozi, usiku na mchana, bila kulipwa na mtu. Walimfundisha wenyewe hospitalini Denver. Sasa kwa kuwa analipwa, hajui tena?

"Na nikisahau?"

Trudy hakucheka. "Kuna mama mmoja upande wa Alamosa alisahau. Akanyang'anywa cheti, mtoto wake akaletewa msaidizi mgeni."

"Huyo mtoto anaendeleaje?"

Trudy akaomba maji ya kunywa.

Celina alitia sahihi. Ghala la viazi lilikuwa limempunguzia Amadeo, mumewe, siku za kazi. Bila mshahara huu, Celina mwenyewe angerudi ghalani kupanga viazi, na Odelia angebaki na mikono asiyoijua.

Mama mkwe wake, Eufemia, ndiye aliyeona jambo lote ni kichekesho. "Kumbe siku hizi kuzaa ni ajira! Mimi nimelea saba. Waambie nami wanilipe, nilichelewa tu kuomba."

"Watakudai cheti, mama."

"Cheti changu ni huyo hapo," akasema Eufemia, akimnyooshea kidole Amadeo. "Ingawa hakikutoka vizuri."

Wakacheka wote. Majira ya kupukutika majani yakapita hivyo. Simu ilikaa mfukoni mwa aproni. Kifua cha Odelia kikianza kukoroma, Celina alibonyeza. Simu iliuliza: umemwogesha? Umemlisha? Weka sahihi kwa kidole. Kisha ikamwambia ametoka, naye akaenda kwa mwanawe. Mwanzoni ile subira ilimkera, akawa anaitukana simu kwa sauti. Baadaye akaacha kutukana. Baadaye zaidi hakuiona tena kuwa ni subira.

Odelia alikuwa na miaka minane. Alikuwa hasemi, mazungumzo yake yalikuwa machoni.

"Mama Odelia," Amadeo alisema asubuhi moja, "umemwona anavyofanya? Akianza kukoroma haitazami mashine. Wala hakutazami wewe. Anatazama mfuko wako."

"Ana akili mtoto wetu."

"Ana akili sana," akasema Amadeo, akatoka akiiacha kahawa yake mezani.

Mwezi wa Januari upepo ulishuka kutoka milimani ukiwa umebeba theluji, na mtandao ukawa unakuja na kupotea. Celina alikuwa akimwogesha Odelia kitandani, beseni likiwa juu ya kiti, aliposikia mluzi mwembamba shingoni mwa mtoto. Kisha hakusikia kitu. Huko kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kukoroma kokote.

Akatoa simu, akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Akasogea dirishani, mahali ambapo mtandao huwa unashika, akainyanyua juu. Kiduara kikazunguka. Nyuma yake vidole vya Odelia vilikuwa vikikwaruza shuka.

Eufemia akaingia na taulo. Akaona midomo ya mjukuu wake imekuwa zambarau.

"Unafanya nini wewe?"

"Natoka, mama."

"Unatoka unakwenda wapi? Mtoto anakufa!"

Celina alijisikia akijibu, kwa sauti ya utulivu kabisa: "Bado haijakubali."

Eufemia alimpiga mkono kwa nguvu zake zote. Simu ikaangukia beseni la maji. Hapo ndipo Celina alipoiona mashine, akaishika, akapitisha mpira, akavuta. Donge likatoka, zito kama gundi, na hewa ikaingia kwa sauti ya kitu kinachochanika. Odelia akalia bila sauti, kama anavyolia siku zote.

Wanawake wale wawili wakaketi sakafuni. Eufemia akasema, polepole, bila mzaha wowote: "Mwanangu, ulikuwa unaiomba simu ruhusa."

Wiki ile Trudy alileta simu nyingine. Alikuwa mchangamfu.

"Rekodi zetu zinaonyesha siku ile yote hukutoka kazini hata mara moja! Basi kifua kimetulia. Nitaandika kwamba amepata nafuu. Pengine hata mashine wataona haihitajiki tena."

Celina alimtazama. Ilitosha kunyamaza tu, na kazi ingebaki yake.

"Nilimvuta nikiwa kazini," akasema.

"Sikukusikia," akajibu Trudy upesi. Alikuwa akimwonea huruma.

"Nimesema nilimvuta. Na kabla ya hapo nilisimama dirishani na simu wakati mwanangu anakosa hewa. Andika yote mawili."

Trudy aliishika ile simu mpya kwa muda, kisha akairudisha kwenye begi lake.

"Jumatatu wataleta mtu mwingine."

"Anajua kuvuta?"

"Ni msaidizi, Celina. Kama ulivyokuwa wewe."

"Lakini yeye akitoka kazini anakuwa nani?"

Trudy akafunga begi lake.

"Basi asije," akasema Celina.

"Na mtakula nini?"

Hakumuuliza kwa ubaya, na Celina alitafuta jibu kwelikweli. Chumbani kifua cha Odelia kikaanza kukoroma. Akanyanyuka, akamwacha mgeni mezani.