Kochi la Mtarajiwa

Kila siku saa moja asubuhi, vyombo vya chai vikishaoshwa, mwanamke mmoja alikuwa akiburuta kigoda cha jikoni hadi sebuleni, anakiweka mbele ya kochi, anaketi na kushika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili. Huo ndio ulikuwa usukani. Gia ilikuwa mwiko uliochomekwa kwenye kopo la mchanga, na chini vilipangwa viatu vitatu vya zamani: klachi, breki na mafuta. Kisha anaanza kusema kwa sauti: "Natoka sokoni, nakata kulia kwenye benki, nanyoosha hadi mzunguko wa pili, naiacha shule mkono wa kushoto..."

Hakuwa na wazimu. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa leseni ya teksi, ambao nusu yake ni ya mdomo. Mtahini anataja sehemu mbili za mji, nawe unamtajia kila kona iliyo katikati. Ukiruka moja, umeanguka. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kujiandaa. Ofisi ya leseni ilimpa kitambulisho kilichoandikwa MTARAJIWA kwa herufi kubwa, na majirani, watu wasio na dogo, wakaanza kumwita hivyo. Siku hizi hata mama mkwe wake alimwita hivyo.

Mtihani haukuwahi kuishiwa sababu za kutofanyika. Mara ya kwanza zilikosekana kalamu. Mara ya pili ukumbi ulikuwa umeazimwa kwa harusi ya mtu mzito. Mara ya tatu Mtahini, ambaye alikuwa mmoja tu kwa mji mzima, alikwenda semina ya wiki sita kuhusu namna ya kupunguza ucheleweshaji, akarudi na begi jipya na fulana. Mara ya nne tangazo halikutoa sababu yoyote, na watarajiwa wengi walisema angalau safari hii hawakudanganywa.

Wengine wangeweza kungoja. Mtarajiwa hakuweza. Mjomba wake alikuwa na teksi na nafasi nzuri ya kuegesha mbele ya hospitali, na vyote viwili alitaka kumwachia yeye, kwa sababu macho yalikuwa yamemwisha.

"Mwanangu, jana nimesimama dakika nzima nangoja taa igeuke kijani," alimwambia. "Kumbe ni mama wa watu na gauni lake jekundu."

Chama cha madereva kilikubali kumshikia nafasi hiyo hadi mwisho wa mwezi wa tisa. Baada ya hapo angepewa yeyote mwenye leseni. Mtarajiwa alisikia, akarudi kwenye kigoda.

Ikawa Jumanne moja, mvua inanyesha, mama mkwe ameketi kwenye kochi na mguu wake mbovu, anangoja ikatike aende kliniki. Mtarajiwa akaona heri afanye mazoezi ya njia hiyohiyo. Alitaja kona zote kumi na moja, akakanyaga kiatu cha breki. Mama mkwe akainuka kuangalia mvua, akafungua mlango wa sebule, na hapo mlangoni pakawa na mapokezi ya kliniki, na muuguzi anaandika.

"Mama, ingia au toka, baridi hiyo," alisema muuguzi.

Mama mkwe akachukua kadi yake, akaingia. Alirudi mchana kwa basi akiwa amenuna.

"Ile kona ya tatu umeikata kwa kasi mno," alisema. "Usinifanyie tena."

Habari zikaenea mtaani. Kufikia Ijumaa watu walikuwa wanapanga foleni barazani kwake na mizigo yao: fundi bomba na mabomba yake, mwalimu na madaftari, wajawazito wawili. Wanakaa kwenye kochi, wanataja wanakokwenda, Mtarajiwa anaendesha, mlango unafunguka hukohuko. Hakuna aliyeuliza inawezekanaje. Walichouliza ni kama anaweza kupita posta kwanza.

Kasoro ilikuwa moja tu. Akiinuka kwenye kigoda, mlango unarudi kuwa mlango wa kwao, na nje ni kamba ya nguo. Aliweza kumfikisha yeyote popote, isipokuwa yeye mwenyewe. Mama mkwe alijaribu kushika usukani ili amsaidie, akakosea kona moja, mlango ukafunguka stoo ya muuza majeneza. Wakafunga taratibu na hawakujaribu tena.

Askari wa barabarani alikuja wiki ya pili. Alilizunguka kochi, akaligonga miguu kwa kiatu, akaandika. Akaamuru kochi lifungwe mikanda, na mlango wa sebule ubandikwe kibao cha dereva mwanafunzi. Halafu akaketi, akaomba ashushwe kituoni.

Na Mtahini? Alikuwa anakaa mtaa wa pili, na gari lake lilikuwa gereji tangu semina. Alianza kuja kila asubuhi. Alikuwa abiria mwenye adabu. Alifunga mkanda bila kuambiwa.

"Unaendesha vizuri sana," alimwambia siku moja. "Mji wote uko kichwani."

"Basi nipe leseni, mzee."

"Kabla ya mtihani? Dada yangu, taratibu zitasemaje?"

Hatimaye mtihani ukapangwa: tarehe ishirini na tano mwezi wa tisa, saa tatu kamili asubuhi, ukumbi wa ofisi ya leseni. Chini ya tangazo palikuwa na mistari miwili. Mtahini asipofika saa tatu, mtihani umeahirishwa kwa miezi sita. Mtarajiwa asipofika saa tatu, amejiondoa mwenyewe.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Mtahini alipiga simu. "Kesho nikute nyumbani. Nakuja saa moja."

Mtarajiwa akapiga hesabu. Akimfikisha saa moja, atapanda basi la saa moja na nusu na atawahi. Akimwacha, hafiki ng'o, na watarajiwa arobaini na mbili, yeye akiwemo, watasubiri hadi mwaka ujao. Alivaa blauzi iliyopigwa pasi mara mbili, akakaa kwenye kigoda. Saa moja ikapita. Basi la saa moja na nusu likapita, akalisikia. La saa mbili likapita. Akawa anatamani kulia na anaona haya kulia mbele ya mama mkwe. Saa mbili na dakika arobaini ndipo hodi ikapigwa.

"Nilipitiwa na usingizi," alisema Mtahini, akifunga mkanda. "Chai ipo?"

"Haipo!" alisema mama mkwe.

Mtarajiwa akataja kona zote kumi na tisa bila kukosa hata moja. Mlango ukafunguka ukumbini saa tatu kasoro dakika nane. Wenzake walikuwa wamekaa tayari, na kinyozi wa mtaa wao, naye mtarajiwa, akampungia mkono.

"Nisubirini, nakuja!" Mtarajiwa alipiga kelele.

"Usichelewe," alisema Mtahini, akashuka.

Mtarajiwa aliinuka, mlango ukawa wa kamba ya nguo. Alikimbia hadi kituoni, akapanda basi, akashuka, akakimbia tena viatu mkononi. Alifika saa tatu na dakika thelathini na tano, akakuta mlango umefungwa. Kwa mara ya kwanza tangu ofisi hiyo ijengwe, mtihani ulianza kwa wakati.

Kinyozi alifaulu. Mwisho wa mwezi chama kikampa nafasi ya mbele ya hospitali, na mjomba, asiye na la kufanya, akamkabidhi na funguo za gari. Alikuja mwenyewe kumwambia mpwa wake. Alizungumza na koti lililotundikwa ukutani, akidhani ni yeye, na Mtarajiwa hakumrekebisha.

Jumatatu Mtahini alibisha hodi, akaketi, akatoa fomu mfukoni.

"Hii ndiyo itakayokuingiza mtihani ujao."

"Ujao wa lini?"

"Itatangazwa. Wewe endesha tu, nitakujazia." Akafungua kalamu. "Sababu ya kutofika?"

Mtarajiwa alikuwa kwenye kona ya saba. "Unaijua, mzee," alisema kwa hasira.

"Naijua. Ila hapa pana visanduku vitatu tu: ugonjwa, msiba, kukosa usafiri."

Mtahini, maana alikuwa mtu wa haki, akatia alama kwenye cha tatu. Kisha akafungua mlango, akaingia ofisini, saa mbili kasorobo.