Nusu Saa ya Kunyamaza

Siku ile mpumbavu alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Anachokataa ni kuliandika kosa lenyewe.

Walimwita Redio, maana mdomo wake haukuwa na swichi. Alikuwa fundi mkuu wa karakana inayotengeneza vikapu vya magari ya winchi, vile vya njano ambavyo fundi umeme husimama ndani yake akanyanyuliwa hadi kwenye nyaya. Kazi yenyewe si ya nguvu, ni ya subira. Unatandika vitambaa vya nyuzi za kioo kwenye kalibu yenye umbo la kikapu, unavifunika kwa mfuko wa plastiki, unaziba kingo zote kwa utepe wa mpira, kisha pampu inanyonya hewa mpaka mfuko unagandamana na vitambaa kama ngozi ya mbwa wa jalalani juu ya mbavu. Halafu, kabla hujafungulia resini, ile gundi ya majimaji inayoloweka vitambaa na kuganda, iingie, unazima pampu, na watu wote wananyamaza nusu saa. Hakuna muziki, hakuna nyundo. Mshale wa geji ukishuka, ujue hewa inapenya mahali, na tundu lenyewe ni dogo kiasi kwamba huwezi kuliona. Utalisikia tu, likipiga mluzi.

Nusu saa! Kwa Redio hicho kilikuwa kifungo. Dakika ya nane alishaanzisha kisa cha mchumba wake wa kwanza, yule aliyemtoroka wakiwa kwenye foleni ya kupiga picha, akamwachia na mkoba ashike. Watu wakashika mbavu. Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye mkata vitambaa wa karakana ile na mwenye sikio kuliko wote, akainua mkono.

"Kaka, hebu nyamaza. Nasikia kitu."

"Unasikia njaa hiyo! Mumeo leo kamaliza chai yote?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Hata dada mtu alicheka, kidogo, kwa aibu, akateremsha mkono. Mshale ulikuwa umeshuka unywele tu. Redio akafungulia resini.

Kesho yake walipobandua mfuko, kwenye kona ya chini, pale boliti zinaposhika, palikuwa na doa jeupe la upana wa kiganja. Hewa ilikaa pale, resini haikufika, vitambaa vilibaki vikavu. Redio akalikwaruza kwa ukucha, akajiambia hiyo ni ngozi ya juu tu, ndani kikapu ni kizima. Akalisiliba kwa puti, akapaka rangi ya njano, likang'aa kuliko kona nyingine zote. Na vikapu viwili vilivyofuata wiki ile hakuvinyamazia zaidi ya dakika kumi. Alishaona mambo yanakwenda.

Kile cha kwanza, chenye doa, kilifungwa kwenye gari analofanyia kazi shemeji yake, mume wa huyo huyo dada. Kilidumu miezi minne. Shemeji alikuwa ameinama anakaza kibanio juu ya nguzo, kona ikaachia. Alikuwa amevaa mkanda, kama inavyotakiwa, ila mkanda wenyewe ulishikwa na pete ya kikapu kile kile. Sasa amelala chali wodini, anaulizia miguu yake kama mtu anayeulizia ndugu waliosafiri.

Asubuhi ya siku ya nne tangu ajali dada alitoka wodini moja kwa moja hadi karakanani, kandambili miguuni. Alimkuta kaka yake ofisini, fomu ya uchunguzi mezani. Akaisoma akiwa amesimama.

"'Mzigo kupita kiasi'. Mzigo gani, kaka? Alipanda na koleo na spana mbili."

"Ni lugha ya fomu tu hiyo, mdogo wangu. Nikiandika lile doa, kesho mimi si fundi. Hakuna karakana itakayonipa hata ufagio."

"Na vile viwili?"

"Nitavifuata mwenyewe, mdogo mdogo, bila kelele."

"Leo ndiyo umejua kufanya jambo bila kelele."

Redio akatafuta neno la kuchekesha. Tangu utotoni hakuwahi kulikosa. Safari hii alikuta ulimi umekauka, nyuzi tupu.

"Saa nne hii," dada akaendelea, "viko wapi?"

Wote wawili walijua. Saa nne asubuhi vikapu huwa juu, na mtu ndani.

"Unaongea kana kwamba nilikusudia," alisema mwishowe, sauti imempanda. "Mshale ulishuka kidogo tu! Unywele! Fundi yeyote angefungulia!"

Dada akaichana ile fomu katikati, akachomoa nyingine mpya kwenye faili, akaiweka mbele ya kaka yake, kalamu juu.

"Hata mume wangu hakuanguka sana, kaka. Mita tisa tu."