Mgomba wa Noëlla

Noëlla alikuwa marehemu wa siku nyingi, na nchi nzima ilishamlilia. Kitabu alichoandika baba yake, Évariste, juu ya kifo chake kilisomwa shuleni, na watoto wa watu walilowesha madaftari kwa machozi. Noëlla mwenyewe alikuwa hai mjini Kamituga, akiuza vitenge. Alipotea njiani wakati wa vita, angali mdogo, mama mmoja wa Shabunda akamwokota na kumlea. Ukubwani ndipo kitabu kilipomfikia, akakuta humo kovu lake la shavuni, lile la uji wa moto. Lakini mwandishi naye alikuwa ameshakufa.

Ndiyo maana asubuhi hii alisimama mtaani Muhumba, roho juu, mbele ya nyumba ya baba yake iliyogeuzwa makumbusho. Alijifunga kitambaa hadi mashavuni. Alitaka kujua jambo moja tu: baba alimngoja, au alimzika upesi apate cha kuandika?

"Karibu, maman," alisema Hervé, mwongoza wageni, kijana wa tai na maneno mengi. "Tunaangaliaka na macho tu. Usiguse kitu."

Nyumba ilinuka nta. Miwani mezani, koti msumarini, viatu vimepigwa rangi, kana kwamba mwenyewe katoka kununua sigara. Kwenye ngazi, mguu wa Noëlla uliruka kipandio kilicholegea kabla hajakiona. Hervé, anayepanda hapo kila siku, akajikwaa. Nyumba ilimkumbuka Noëlla kuliko alivyoikumbuka yeye, na hilo halikumfurahisha hata kidogo.

Juu kulikuwa na kitanda cha mtoto, kimetandikwa, na gauni dogo limelazwa juu yake, mikono wazi. Alitamani kukimbia. Nani atazame kitanda chake mwenyewe kilichotandikiwa marehemu, abaki na akili timamu?

"Huyu mutoto alikufa kweli?" aliuliza.

"Alipotea mu njia. Mwili haikuonekana. Famille ikasema basi, tuzike mugomba pa nafasi yake, sawa desturi. Kuya, iko nyuma." Akamwashiria amfuate.

Nyuma ya jiko, ziwa likionekana chini, palikuwa na msalaba wenye jina lake. Alilisoma herufi kwa herufi. Nyuma ya msalaba ilisimama migomba, kichaka kizima, na mkungu mmoja ulikuwa umeiva.

Hervé alicheka. "Hapa muzee alikosea. Batu banakataka shina tu, ioze mu udongo, matanga iishe. Ye aling'oa mugomba na mizizi yake yote! Mutu ya vitabu, hakujua. Ikaota. Bazee bakakasirika, bakaleta panga: kaburi haiotake! Akasimama mbele yao, akakataa."

"Na hizi ndizi?"

"Hakuna mwenye anakulaka. Alisema iko na mwenyewe. Ni ndege tu."

Hakujua! Évariste, mtoto wa wakulima wa Mumosho! Noëlla alimwona tena kachuchumaa kwenye bustani hii hii, tope hadi viwikoni, akimpa chipukizi alishike. Ona, chouchou, alimwambia. Mizizi ikibakia, mugomba itarudia.

Basi aliwadanganya wote. Mbele ya padri, mbele ya wazee na majembe yao, hakuzika; alipanda. Alipomaliza, akaingia ndani kuandika kwamba mtoto amekufa, maana hicho ndicho watu walichoweza kukiamini.

Noëlla alichuma ndizi moja, akaimenya.

"Maman!" Hervé alipiga kelele. "Hiyo ni ya marehemu!"

"Najua."

Alifungua kitambaa. Hervé aliliona kovu ambalo kila mwanafunzi analijua. Akarudi kinyumenyume hadi ukuta wa jiko ukamzuia, mkono ukifanya ishara ya msalaba bila kuimaliza.

Noëlla alitafuna, machozi yakimfika mdomoni na kuchanganyika na utamu.

"Usiogope," alisema. "Papa alinibakishia."