Roketi ya Mama Makandi

Fss, fss, fss. Kimya. Halafu tena, fss, fss.

Lydiah alifumbua macho gizani akasikiliza. Majogoo hawakuwa wamewika. Nyoka angepuliza mara moja na kwenda zake. Huyu alikuwa akipuliza kwa mpangilio, kama mtu mwenye kazi. Akajifunga leso, akaifuata sauti hadi jikoni. Huko alimkuta mkaza mwanawe, Kathure, amechuchumaa kando ya koroboi, pampu ya baiskeli mkononi, akijaza upepo kwenye chupa ya soda iliyopinduliwa mdomo chini, aone kama kizibo kinavuja.

Chupa yenyewe ilikuwa imevishwa. Mkiani ilikuwa na mabawa matatu, yamekatwa kwenye zile ndege za plastiki za Makandi, mjukuu wake, zinazouzwa kwa mafungu sokoni Gakoromone, zenye magurudumu na rangi nzuri lakini haziruki ng'o. Juu, kwenye kitako cha chupa, kulibandikwa nusu ya mpira wa kuchezea, ikawa pua. Kizibo kilichongwa kutoka kwenye soli ya patipati kuukuu, na katikati yake ikapenyezwa valvu ya tyubu ya baiskeli.

"Yaani umekosa usingizi kwa sababu ya vichezeo," Lydiah alisema.

Kathure alimweleza bila kuinua uso. Mchana huo wazazi wa chekechea ya kanisa, anakofundisha, walikuwa na mkutano, na mzee Riungu, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameshatangaza kwamba mwalimu ambaye bado anasomea ualimu jioni, tena asiye na cheti, hafai. Watoto wanarudi nyumbani na hadithi za vichezeo tu. Wazazi wakikubaliana naye, Jumatatu darasa litapewa mtu mwingine. Kathure hakuwa na mdomo wa kubishana na mzee wa kanisa. Alikuwa na chupa hii, aliyoiunda na watoto wake thelathini, na alikuwa amewaahidi kuirusha mbele ya wazazi wao. Shida ni kwamba jana ilifika kimo cha paa, ikapiga pindu, ikaanguka zizini.

Kitabu alichoazima kilisema uifunge uzi katikati, pale inaponing'inia bila kuinama upande wowote, kisha uizungushe hewani. Pua ikitangulia, itaruka vizuri. Kulipopambazuka wakatoka uani, Kathure akajaribu. Uzi ukanasa kwenye kamba ya nguo. Akajaribu tena, ukamzunguka shingoni.

"Lete hapa. Unazungusha kama mtu anayefukuza nzi."

Lydiah alizaliwa huko chini, upande wa Tharaka, na utotoni alilinda mawele ya baba yake kwa kombeo, msimu baada ya msimu. Tangu aolewe Kanyakine mkono wake ulikuwa wa kuchuma kahawa na kukama, lakini alipouinua ule uzi juu ya kichwa, bega likakumbuka lenyewe. Chupa ikazunguka duara pana, ikivuma. Mkia mbele. Akaisimamisha, akaizungusha upya taratibu. Mkia mbele.

"Mama Makandi, huyu anatembea kinyumenyume. Mkia ni mzito."

Kathure akashika mdomo. Alikuwa amegundisha vijiwe mkiani ili chupa isimame wima juu ya meza, wageni wasiione ikiyumba. Wakavibandua. Lydiah akaleta donge la nta ya nyuki, ile anayozibia nyufa za vibuyu, wakaishindilia puani kidogo kidogo, wakizungusha kila mara, Kathure akiandika kwenye daftari. Mara ya tano pua ikatangulia, na mabawa yakafuata kwa utulivu.

Lydiah alimtazama akiandika. Kwa miaka miwili alikuwa akimwona akienda masomoni jioni na tochi yake, na moyoni akijiuliza kama ni masomo au ni kukwepa vyombo. Leo aliona haya kwa kuwa aliwahi kufikiri hivyo.

Mchana, uwanjani, Kathure alisimamisha chupa kwenye vijiti, imetiwa maji theluthi moja, akamwomba mzee Riungu kwa heshima asogee nyuma. Mzee akajibu kwamba hajawahi kukimbia chupa ya soda. Watoto wakapiga pampu kwa zamu, wakihesabu kwa sauti. Walipofika ishirini na tatu kizibo kilifyatuka, maji yakamwogesha mzee kuanzia tai hadi viatu, na chupa ikaenda.

Haikupiga pindu. Ilipanda imenyooka, ikapita paa la kanisa, ikawa ndogo kama punje, na watu wazima wenye mashamba na madeni yao wakabaki vichwa nyuma, vinywa wazi. Lydiah hakuitazama chupa. Alimtazama Kathure, na machozi yalipomjia hakuyafuta.

Roketi iliangukia kwenye mahindi, watoto wakaikimbilia. Mzee Riungu alikuwa akikamua tai yake. Katibu alipomuuliza kwa sauti ya chini kuhusu ile ajenda ya mwalimu, alisema ifutwe, darasa lina mwalimu. Kisha akainama, maji yakimdondoka kidevuni, akamuuliza Makandi, aliyerudi wa kwanza na chupa kifuani, kama itaruka tena.

Makandi aliigeuza polepole, akaikagua kila upande kama alivyomwona mama yake akifanya.

"Pua imebonyea, lakini mabawa ni mazima."