Tepe Zilishaoshwa

Mimi binti yangu simwiti Sally. Namwita Sajenti. Hata ile miezi walipomvua tepe za cheo nilimwita Sajenti, tena kwa sauti, dirishani, Kaloleni nzima isikie. Anayetaka kununa anune.

Polisi wana desturi yao. Ukipandishwa cheo, wenzako wanakupeleka Soko la Burma, mnachoma mbavu, halafu mmoja anamwagia soda kidogo kwenye tepe zako mpya. Wanaita kuosha. Sally alipotoka koplo akawa sajenti, waliziosha siku hiyo hiyo, na mimi nikafunga kibanda changu cha viatu pale Kariokor nikaenda kushangilia. Mkubwa wake wa kituo alikuja pia. Alikula mbavu zetu, jamani, akajilamba vidole, akamwita Sajenti mbele yangu!

Kumbe kuoshwa si kuthibitishwa. Kulikuwa na miezi ya majaribio, na ilipokwisha, badala ya barua ya kumthibitisha, mkubwa yule yule alimsimamisha mbele ya gwaride akamwamuru avue tepe, arudi ukoplo. Kosa lake nini? Hakuambiwa. Haukupita muda, nafasi yake ikapewa mtu mwingine. Mwanangu aliingia nyumbani na tepe mfukoni, akaziweka mezani, akaenda kuoga. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na nikatukana pia, sikufichi.

Akaenda kortini. Wakili wake alikuwa Kawsar, binti wa Eastleigh, mpole wa sauti lakini akishika jambo haachii.

Kesi ikajikokota. Watu wakaanza kuniambia Sally atahamishwa mbali, atafutwa kazi, nani amewahi kushtaki wakubwa akabaki salama? Nikaogopa. Siku moja mkubwa akamwita ofisini, maneno matamu kama chai ya harusini: ondoa kesi, nami mwisho wa mwezi nakupandisha upya, tepe mpya, na Burma nalipa mimi.

"Chukua!" nikamwambia. "Sajenti ni sajenti. Unataka nini tena?"

Alikuwa anapiga pasi shati lake. Hata macho hakuinua.

"Mama, nikikubali kupandishwa leo, nimekubali kwamba siku ile ulipofunga kibanda ukaja Burma, hukuwa unashangilia chochote."

Nikamshikia kola ya shati aipige pasi. Mimi, Teresiah, kukubali kushindwa! Uliza yeyote Kariokor kama amewahi kuona.

Siku ya hukumu nilivaa gauni langu la kanisani. Jaji alisoma polepole mpaka nikatamani kumsukuma. Mwishowe akasema: afisa huyu hakusikilizwa, hakupewa sababu, na kumvua cheo hakukuwa halali. Ni sajenti tangu siku alipopandishwa, na hakuna siku hata moja hapo katikati ambayo hakuwa. Nilipiga vigelegele mpaka askari wa korti akanitoa nje. Vilivyobaki nilivimalizia kwenye korido.

Wenzake waliposikia, moja kwa moja Burma. Mbavu nilikuwa nimeshaagiza. Jioni Sally akaja kutoka kazini na sare yake, na tepe zile zile, amezishona mwenyewe. Frankline, rafiki yake wa kituoni, akafungua soda akasimama.

"Niaje, Saja! Lete mkono tuoshe."

Sally akazifunika tepe kwa kiganja.

"Hizi zilishaoshwa, Frankline. Wewe ndiye uliyezimwagia."

Nikamwona Frankline anaangalia soda, anaangalia ule mkono, na uso wake ukabadilika. Akaweka chupa mezani, akanyoosha mgongo, akasimama wima, mikono ubavuni.

"Ndiyo, Sajenti."

Wengine wote wakainuka, wakasimama vile vile, mmoja mafuta ya nyama yakimchuruzika kidevuni. Ngai, kifua changu! Nilijivuna kana kwamba nilimzaa peke yangu.

Maina, mwenye bucha, akaja na kisu chake, akauliza kama si kuosha, mbavu hizi sasa ni za sherehe gani.

"Hakuna sherehe," nikamwambia. "Kata nyama. Sajenti ametoka kazini, ana njaa."