Yanonge Ina Mtandao

Kwa hesabu za kampuni ya simu, mama yangu aliishi na kufa mahali penye mtandao. Hivyo ndivyo serikali inavyojua, na sioni nani atakayeiambia vinginevyo. Mimi binti yake ninasema ni uongo mtupu, lakini nani ameniuliza?

Jina langu ni Aïcha. Ninashona nguo Mangobo, hapa Kisangani, kwenye kibanda kinachotazama njia ya sokoni, na watu wa pale wanasema nina mdomo. Ninao, na nimerithi kwa mama. Yeye aliitwa Nyota, alikuwa akiuza samaki wa moshi huko Yanonge, na wanunuzi waliotoka Kisangani walikuwa wanapanga maneno kabla ya kumfikia. Alizaa watoto wawili tu, mimi na Mahmoudi mdogo wangu. Mahmoudi ni mtoto mwema, lakini ni mwanamume, na ipo kazi ambayo mwanamume hawezi kumfanyia mama yake.

Sisi Waislamu, mwanamke akifa huoshwa na wanawake, na kama ana binti, binti ndiye wa mbele. Mama alikuwa akinikumbusha jambo hilo bila huzuni yoyote, huku akiparua samaki. Alisema wengine watamwaga maji, lakini uso wake na nywele zake asiguse mtu isipokuwa Aïcha. Kulikuwa na shangazi fulani mwenye mikono mizito ambaye hakumtaka kabisa, na tulicheka sana juu ya huyo shangazi. Nilimwahidi. Ahadi yenyewe haikuwa ngumu, ilitaka kitu kimoja tu: nipate habari mapema. Kwetu maiti halazwi. Aliyekufa alfajiri anazikwa siku hiyo hiyo, na kutoka Kisangani hadi Yanonge ni kuvuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga, kisha kupanda pikipiki na kuomba mvua isinyeshe. Inawezekana, mradi mtu akupigie simu asubuhi.

Sasa nimlete Osée. Huyu ni Mnande, bwana mpole wa misa ya kila Jumapili, mume wa Claudine ambaye ninamshonea nguo zake zote. Kazi yake iko kwenye ofisi ya kampuni ya simu hapa mjini. Alikuwa akija kumchukulia mke wake nguo, na akikuta sijamaliza vifungo anakaa kwenye benchi na kunieleza kazi yake, maana hakuna anayeuliza habari za kazi ile na mimi mikono yangu ilikuwa na shughuli lakini masikio yalikuwa wazi. Alisema serikali haikuwapa kampuni ruhusa ya bure. Lazima wasimamishe minara hata kwenye vijiji visivyo na faida, na kila baada ya miezi mitatu waiandikie serikali ripoti: minara mingapi inawaka, watu wangapi wanapata mtandao, malalamiko mangapi yamepokelewa na mangapi yametatuliwa. Wasipofanya hivyo wanatozwa faini. Osée ndiye aliyekuwa akikusanya hayo yote kwa mkoa wa Tshopo. Alijivuna kidogo, na mimi nilimwonea fahari, nikamshonea na suruali.

Mnara wa Yanonge ninaujua. Uko nyuma ya soko, umezungushiwa waya, na unakula mazut, mafuta ya jenereta. Mazut ikiwepo, unawaka. Isipokuwepo, unasimama tu pale, ndege wanautumia kwa viota vyao. Anayeutunza ni mtu aliyepewa kazi na kampuni, naye anaandika kwamba unawaka kila siku, kwa sababu hilo ndilo analolipwa kuandika. Nani atapanda boti kuja kumbishia?

Mwaka jana walikuja. Wakaguzi wa serikali kutoka Kinshasa, wenye vifaa vyao shingoni, pamoja na watu wa kampuni. Siku moja kabla yao ilifika mitungi ya mazut, na Yanonge nzima ikaamka na mtandao mzuri kama wa mjini. Hapo watu wetu wangeweza kusema. Walitaka kusema. Tonton Alfani, kaka mkubwa wa marehemu baba, mwenye kupokea wageni wa kijiji, alikuwa ameshachagua wasemaji watatu, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Lakini tonton Alfani ana desturi zake, na desturi zake ni za Yanonge nzima: mgeni hapelekewi shauri kabla hajala. Kumlalamikia mtu ambaye tumbo lake ni tupu ni kumfukuza. Kwanza anawe mikono, ale, anawe tena, ndipo mwenyeji akohoe na kuanza.

Basi wakapika. Mama aliponda lituma ya ndizi, akatoa na liboke, vifurushi vya majani vya samaki mkubwa aliyekuwa amemweka kwa ajili ya soko. Wakati chakula kinaiva wakaguzi walitaka kupima, wakaomba mtu apige simu mbele yao, na mama akanipigia mimi. Ninakumbuka nilikuwa na pini mdomoni. Nilisikia vicheko nyuma yake, na yeye akipaza sauti ili wageni wasikie. Aliuliza kama ninamsikia vizuri. Nikasema ninakusikia kama uko hapa. Akafurahi. Mtu mmoja akampiga picha.

Wageni wakala, na walikula vizuri. Kisha mawingu yakaja kutoka upande wa mto, na dereva akasema daraja la magogo halivumilii mvua, na wao wakasimama na mikono ina mafuta bado, wakafungiwa liboke zilizobaki, wakaingia kwenye gari. Tonton Alfani alibaki na kikohozi chake kooni. Hawakuwa wamenawa mara ya pili, kwa hiyo shauri halikuanza. Kwenye ripoti iliandikwa kuwa mtandao ni mzuri na wananchi hawakutoa malalamiko yoyote. Claudine ndiye aliyenisomea maneno hayo kwa furaha, maana mume wake alipongezwa. Osée alipokuja kibandani nilimwambia kwamba haikuwa hivyo, akasema atalifuatilia. Mazut ilipokwisha mnara ukarudi kwa ndege wake.

Mama alifariki msimu huu wa mvua. Aliugua jioni, tumbo, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekwenda. Mahmoudi alichukua simu ya mama, kwa sababu namba yangu ilikuwa humo, akaenda chini ya mnara, akaenda ukingoni, akapanda juu ya paa la shule. Hakuna kitu. Akamwomba kijana wa pikipiki aje kuniita, na kijana alipasukiwa tairi njiani, akafika Mangobo mchana, mimi nikiwa ninamalizia sare za watoto wa kwaya. Nilikimbia nikiwa na tepu ya kupimia shingoni.

Walinisubiri. Sitawalaumu, walinisubiri mpaka sala ya alasiri, halafu tonton Alfani akasema jua linamwumiza. Shangazi yule mwenye mikono mizito ndiye aliyemwosha mama. Nilipofika jua lilikuwa linazama, wanaume walikuwa wameshatoka makaburini, na huyo shangazi akaja kunikumbatia na mikono yake ikinuka karafuu maiti. Nilitamani kuisukuma. Sikuisukuma, nilikaa chini tu, nikalia mpaka nikatapika, na hata leo nikishika maji ya kunawa uso asubuhi roho inaniuma vile vile.

Matanga yalipokwisha Mahmoudi alinipa simu ya mama, nibaki na kitu chake. Nikarudi mjini nayo. Nilijua kwamba hakuna anayeweza kunirudishia siku ile, na sikuwa natafuta pesa ya mtu. Nilitaka jambo moja liandikwe na lifike serikalini: kwamba siku aliyokufa Nyota, mnara wa Yanonge ulikuwa umezimika. Basi. Iandikwe mara moja kwenye hizo ripoti, ili mwanamke mwingine amwoshe mama yake.

Nikaenda ofisini kwa Osée. Alinipokea vizuri, akatoa pole ya kweli, macho yake yalilowa, akanivutia kiti. Nikamweleza kila kitu, na nilipofika kwenye paa la shule akainamisha kichwa. Nikamwuliza kwa nini kila ripoti inasema Yanonge haina malalamiko.

“Mama Aïcha, malalamiko inapita kwa numéro ya bure,” akasema. “Mutu anapiga, machine inaandika.”

“Anapiga na nini?”

“Na simu.”

“Ya Yanonge?”

 Halafu akasema hajawahi kuiona namna hiyo, na mimi nikamwambia kwamba hiyo ndiyo shida ya kukaa mahali penye feni. Hakukasirika. Alisema kuna njia nyingine, mteja akija mwenyewe ofisini malalamiko yake yanapokelewa na kuingizwa kwenye machine, na yakishaingia hakuna mtu wa Kisangani anayeweza kuyafuta, yanakwenda moja kwa moja kwenye ripoti. Hapo moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akauliza namba iliyopata tatizo. Nikampa ya mama, kwa kuwa ndiyo Mahmoudi aliyohangaika nayo. Akaandika Yanonge, akaandika tarehe, akaandika kwamba simu hazikutoka siku nzima. Nilisoma neno kwa neno kwenye kioo cha kompyuta yake. Iliandikwa kama nilivyosema.

Kisha akachukua simu ya mezani. Akasema lazima apime laini, machine haimruhusu kwenda mbele bila hiyo. Akapiga namba ya mama.

Ikalia ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa nimeichaji kila siku, sijui kwa nini, nilikuwa ninaogopa izimike. Tuliisikiliza wote wawili. Zipu sikuifungua.

“Inaita,” Osée akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwambia inaita kwa sababu iko Kisangani. Nikamwambia mtoto mdogo anaelewa hilo. Akasema yeye pia anaelewa, lakini machine inauliza swali moja tu, laini inaita au haiiti, na laini inaita. Akabonyeza. Kwenye kioo, chini ya maneno yangu yote, likatokea neno la Kifaransa lenye rangi ya kijani, nami shule niliyosoma inanitosha kulielewa. Limetatuliwa.

“Toa ile,” nikasema. “Toa yote. Afazali ukose kuandika.”

“Haiwezi kutoka tena, mama.”

Nafikiri alitaka kunifariji, maana mtu mpole akishindwa hutafuta la kusema, na ndipo anapoharibu kabisa. Alisogeza kiti karibu. Alinieleza kwamba serikali ilikuwa imeanza kuwasumbua. Kinshasa wamewaandikia kuuliza inawezekanaje Yanonge, Yahuma na huko kote watu wasilalamike hata mara moja, walitaka kutuma wakaguzi wengine, safari hii bila kutoa taarifa. Sifuri ilikuwa inawatia shaka. Sasa kwa Yanonge kuna lalamiko moja lililopokelewa na moja lililotatuliwa, siku hiyo hiyo, ndani ya muda wa sheria. Ni asilimia mia moja.

“Donc hawatakuya tena?” nikauliza.

“Sizani. Hapana lazima.” Alikuwa anatazama mikono yake. “Kwa kweli umetusaidia, mama Aïcha.”

Nina mdomo, nimeshasema, na nilikuwa na matusi ya Kiswahili na ya Kilingala yamejipanga tayari. Hayakutoka. Nilimfikiria tonton Alfani aliyeheshimu tumbo la mgeni, na mwanamke yeyote wa Yanonge ambaye mama yake atakufa kesho, na nikaona kwamba wakaguzi wale wa ghafla walikuwa njiani wanakuja, na mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nimekwenda kuwarudisha Kinshasa.

Nilifungua mkoba, nikaiweka simu ya mama juu ya meza yake.

“Piga tena,” nikasema.

“Kwa nini?”

“Piga. Nyota akipokea, umuambie panne ya mnara imekwisha.”

Osée alishika mkonga wa simu ya mezani, akauachia. Uso wake ulikuwa umechakaa ghafla, na mimi sikumhurumia hata kidogo. Hapo ndipo simu ya mama ilipotikisika yenyewe pale mezani. Ulikuwa ujumbe wa kampuni. Ulimwita mteja mpendwa, ukamwambia tatizo lake limetatuliwa, ukamwomba ajibu kama ameridhika.

Tuliusoma pamoja. Osée akasema polepole kwamba nisijali, asiyejibu anahesabiwa kuwa ameridhika, kisha akauliza kama kuna mteja mwingine anayengoja nje.